Orijino, ya Kawaida na Mtumba: Historia ya Boljointi ya Kushoto

Boljointi ya kushoto ilikatika saa moja kasoro asubuhi, kwenye mteremko kabla ya kufika Muhutwe, gari likitoka Muleba kwenda Bukoba mjini. Baba alikuwa kwenye gia ya tatu. Anasema alisikia mlio kama wa mtu anayevunja kuni, usukani ukalegea mikononi, na tairi la mbele likalala ubavu. Noah iliburuza chuma kwenye lami hatua kama ishirini, ikaingia kwenye mfereji wa maji ya mvua, ikasimama. Abiria walikuwa tisa. Sheria inasema saba, lakini mnaijua barabara yetu. Mzee mmoja aliyekuwa anakwenda kliniki alivunjika mtulinga. Mama mmoja alipoteza tenga zima la nyanya. Wengine walishuka wakitetemeka, wakasimama kando ya migomba ya watu wakisubiri gari jingine.

Boljointi ile ilikuwa na siku 22 tangu ifungwe.

Nilikuwa nyumbani Muleba wakati huo, nikikusanya masimulizi ya madereva wa zamani wa malori ya ushirika kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Jioni Baba alirudi na bodaboda, akanawa, hakula. Akaingia chumbani akatoka na boksi dogo la karatasi ambalo spea ile ilikuja nalo. Huwa hatupi maboksi. Akaliweka mezani mbele yangu. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza kwamba kilichomo ndani ni halisi, na pembeni lilikuwa na stika inayong'aa rangi za upinde wa mvua.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, "wewe umesoma. Hii ilikuwa orijino au haikuwa orijino?"

Nililigeuza boksi mara tatu. Naweza kukueleza tofauti ya hati mbili za mkoloni kwa kutazama mhuri tu, lakini boksi lile lilinishinda. Maswali ya tasnifu yangu yalikuwa yameandikwa na kupitishwa na msimamizi, na hakuna hata moja lililohusu spea. Kesho yake nilianza kuwauliza wazee habari za spea.

Tuanze na boksi lenyewe. Kwa utaratibu wa Toyota, namba ya spea huwa na tarakimu kumi, zenye kistari katikati, na wakati mwingine herufi huingia humo. Tano za mwanzo husema ni kitu gani: 43330 ni boljointi ya chini, 45046 ni ncha ya tairodi, 90915 ni filta ya oili. Tano za mwisho husema ni ya gari lipi. Ni kama jina la mtu na jina la ukoo. Boksi la Baba lilikuwa na namba sahihi kabisa, jina na ukoo. Kumbe mwigaji hodari huanzia hapo hapo, kwa sababu namba ndiyo kitu pekee ambacho mnunuzi makini hukagua.

Jambo la pili lilinichukua muda kulielewa. Hiyo orijino yenyewe, kwa sehemu kubwa, haitengenezwi na kampuni ambayo jina lake limeandikwa kwenye gari. Plagi hutoka Denso au NGK. Shokamzoba hutoka KYB. Beringi hutoka Koyo, NSK au NTN. Kiwanda cha namna hiyo hupeleka mzigo mmoja kwenye mstari wa kuunganisha magari mapya, mzigo mwingine ukaingia kwenye boksi la kampuni ya gari na kuuzwa na wakala, na mwingine kikautia kwenye boksi lake mwenyewe na kuuuza kwa bei ya chini. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Land Rover za babu zetu: breki zilikuwa za Girling, umeme ulikuwa wa Lucas, na aliyejua hilo angeweza kununua boksi la Girling badala ya boksi la Land Rover na asipoteze kitu. Ulaya walilitia jambo hili kwenye sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Oktoba 2002 ilitamka kwamba spea iliyotengenezwa na kiwanda kile kile kinachokihudumia kiwanda cha magari, kwa vipimo vile vile, nayo ni ya asili, hata kama haina nembo ya gari juu yake.

Kwa hiyo swali la Baba halikuwa na majibu mawili. Kuna spea iliyo ndani ya boksi la wakala. Kuna spea ya kiwanda kingine kinachojulikana, kinachotia jina lake juu ya kazi yake. Kwenye mambo ya stelingi na boljointi, mafundi wa Kagera wanaijua zaidi 555 ya Sankei kutoka Japani. Kuna spea ya kiwanda kisichojulikana, ambayo inaweza kuwa nzuri au mbaya. Na kuna spea inayovaa jina la mwingine. Hii ya mwisho peke yake ndiyo inayostahili kuitwa feki. Sisi tumezoea kuziita zote feki isipokuwa ile ya kwanza, na nadhani mazoea hayo ndiyo yanayompa mwigaji riziki: ukishawaaminisha watu kwamba kilicho nje ya boksi fulani hakifai, kazi yako inabaki kuchapa boksi.

Mazoea hayo yana historia, na historia hiyo inapita nyumbani kwetu.

Babu, mzaa baba, aliendesha lori la ushirika. Bukoba Native Co-operative Union ilianzishwa 1950, na baada ya uhuru neno *Native* likaondolewa. Kahawa ilitoka kwa wakulima ikaenda vyama vya msingi, ikapandishwa malori mpaka Bukoba, ikaingia melini. Malori mengi yalikuwa Bedford ya Uingereza. Mzee mmoja wa Kamachumu, aliyekuwa tandiboi na baadaye dereva, alinieleza duka la spea la miaka ile kama mtu anayeeleza kanisa: kaunta ndefu ya mbao, karani aliyevaa tai, kitabu kikubwa chenye michoro ya gari lililofumuliwa vipande vipande, kila kipande na namba yake. Ulitaja namba, karani akapitisha kidole, akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwa karatasi yenye grisi.

Nikamuuliza kama walikuwa wakisema orijino. Akacheka. "Tungesemaje hivyo? Spea ilikuwa spea."

Nimeshazungumza na wazee wa kutosha kujua kwamba ujana hung'arisha kila kitu. Hata wakati huo maduka ya mjini yaliuza spea za viwanda vingine kwa wenye fedha kidogo. Lakini kuna ukweli kwenye kicheko chake, nao ni wa jiografia. Kutoka Bukoba hadi Kampala ni kilomita kama 300. Hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 1,400, na kwa njia za miaka ile ilikuwa ni kupanda meli hadi Mwanza, kisha treni. Kampuni za magari kama Cooper Motor Corporation, wakala wa Land Rover, zilifanya biashara Afrika Mashariki yote. Mpaka wa Mutukula ulikuwa mstari kwenye ramani, na meli za ziwani zilikuwa za jumuiya moja. Spea iliyokosekana Bukoba ilitafutwa Kampala au Kisumu na kuja na meli, ikiwa na risiti. Nyuma ya kile kipande cha chuma kulikuwa na mnyororo wa watu waliojulikana, kutoka Birmingham hadi kaunta ya mbao.

Mnyororo huo ulikatika pete moja baada ya nyingine, ndani ya miaka kama kumi na miwili. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, makampuni makubwa ya biashara ya nje yalitaifishwa, na katika miaka ya 1970 uagizaji wa magari ukawa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na maduka ya Kampala yakafa. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Februari 1977 mpaka na Kenya ukafungwa, ukabaki hivyo hadi Novemba 1983, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo wa 1977. Ukiwa Mbeya au Tanga, kila moja ya habari hizi ilikuwa ya redioni. Bukoba zilikuwa habari za filta ya oili.

Halafu vita. Jeshi la Amin liliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, likalivunja daraja la Mto Kagera pale Kyaka mwanzoni mwa Novemba. Serikali ilihitaji magari ya kubeba askari, ikachukua mabasi na malori ya watu na ya mashirika. Lori alilokuwa akiendesha Babu lilikwenda. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Lori lilirudi miezi kadhaa baadaye, likiwa na giaboksi ya gari jingine. Mafundi wa jeshi walikuwa wamefanya kilichowezekana: gari lililokufa liliwapa wazima viungo vyake. Babu aliliendesha hivyo hivyo, na alikuwa akisema gia ya pili ya lori lile iko mahali ambapo Mungu hakuipanga.

Mnaosoma habari za miaka ile vitabuni mnakutana na foleni za sukari na sabuni. Foleni ya spea haionekani, kwa sababu watu hawakupanga mstari kwa ajili yake, waliandika barua. Fedha za kigeni zilikuwa zikigawanywa na Benki Kuu, shirika likasubiri mgao, mkoa ukasubiri shirika, dereva akasubiri mkoa. Tatizo lilizidishwa na ukarimu wa marafiki. Kila mfadhili alileta gari la kwao: Waswidi Scania, Wajapani Isuzu, Waingereza Leyland na Bedford. Kwenye yadi moja ya mashine kumi ungekuta aina tano, na filta ya hili haiingii lile. Jibu mojawapo la serikali lilikuwa kiwanda cha TAMCO pale Kibaha, kilichounganisha malori ya Scania, ili angalau nchi iwe na lori moja ambalo fundi wa kila mkoa analijua. Hata hivyo kuunganisha lori ni jambo moja na kulipelekea Bukoba klachi pleti ni jambo jingine.

Hapo ndipo fundi alipogeuka kuwa kiwanda. Bushi za springi zilichongwa kutoka kwenye tairi bovu. Gasketi ilikatwa kwenye boksi la katoni kwa kuliweka juu ya injini na kuligonga kingo kwa nyundo ndogo mpaka umbo lake litokeze. Springi iliyokatika iliunganishwa kwa moto. Tunapenda kuwasifu mafundi hawa kwa ubunifu, nami nawasifu, ila mzee wa Kamachumu aliniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema kazi ile iliwafundisha mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba karibu kila kitu kinaweza kuigwa, na kwamba kuna vitu vichache ambavyo ukiviiga unaua watu. Gasketi ya katoni ikipasuka, maji yanavuja na unapanda mlima kwa miguu. Breki na stelingi walikuwa hawagusi. Gari liliwekwa juu ya mawe, hata miezi sita, mpaka kitu chenyewe kipatikane.

Na kilipatikana kwa magendo.

Baada ya vita mpaka wa Uganda ulikuwa wazi kwa namna yake. Bei ya kahawa kwa mkulima wa Kagera ilikuwa ndogo na malipo yalichelewa. Ng'ambo kulikuwa na mnunuzi anayelipa papo hapo. Kahawa ilivuka usiku, kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu. Mtu aliyevuka nayo hakurudi mikono mitupu. Alirudi na sabuni, mashati, redio, na kwa mtu aliyejua soko, boljointi, diski za klachi na pistoni. Kaka yake Babu alikuwa mtu wa aina hiyo. Alikuwa hajui kusoma Kiingereza lakini alikariri namba za spea kwa makumi, akizitaja kama mtu anayesali rozari. Madereva walimpa kipande kibovu kama kielelezo, akaondoka nacho mfukoni, akarudi baada ya wiki na kizima. Hakuwa na kaunta wala risiti. Alikuwa na uso wake. Akikuletea kitu kibovu, ulijua nyumbani kwake na kwa mama yake.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, imani ilipohama. Zamani uliamini boksi kwa sababu ya duka. Sasa uliamini spea kwa sababu ya mtu. Boksi lilikuwa hatari, lilikuonyesha polisi ulikotoka, kwa hiyo spea zilivuka zikiwa uchi, zimefungwa kwenye majani ya mgomba. Machi 1983 ilipoanza vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Sokoine, watu waliokuwa na mali dukani au uvunguni waliitupa usiku vichakani na mitaroni. Nyumbani kwetu wanasema yule babu mdogo alizika spea zake kibanjani, katikati ya migomba, na nyingine hazikuonekana tena. Shangazi yangu aliwahi kufukua beringi mbili akipanda maharage.

Mwaka huo huo wa 1983 madaktari mkoani Kagera walitambua wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la mashati yaliyoletwa na wafanya magendo kutoka Uganda, kwa kuwa waliotangulia kuugua walionekana kuwa vijana wa biashara ile. Yule babu mdogo alifariki 1987. Nyumbani hawasemi kwa nini, nami siwezi kuandika nisichoambiwa. Ninachojua ni kwamba katika miaka michache njia nzima ya watu waliojulikana kwa sura, ambayo madereva wa Bukoba na Muleba waliitegemea badala ya wakala, ilikwisha kwa msiba. Sijaona kitabu cha uchumi wa Kagera kinachohesabu hasara ya namna hiyo.

Bajeti ya Juni 1984 ililegeza kamba: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa kwa ukali alizipata wapi. Mwishoni mwa 1985 akaja Mzee Mwinyi, na ruksa. Pikapu za Kijapani zikamiminika. Baba alikuwa kijana wa utingo kwenye pikapu mojawapo, Datsun yenye mabenchi mawili nyuma, na anakumbuka vizuri mara ya kwanza aliposikia neno orijino likitumika kama sifa ya kuuzia. Ilikuwa dukani Bukoba, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Muuzaji aliweka plagi mbili kaunta, akazielekezea kidole moja baada ya nyingine: "Hii orijino, hii ya kawaida." Neno "kawaida" lina adabu sana. Limemfichia mambo mengi muuzaji wa spea wa Tanzania.

Yaliyofuata tunayajua kwa sababu tunaishi ndani yake, kwa hiyo sitakaa sana hapo. Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu na kisha kila miaka miwili, ukaguzi uitwao *shaken*, na gharama yake huongezeka kadiri gari linavyozeeka. Wengi huona heri kuliuza. Magari yale yana usukani kulia kama yetu. Yakaja, mengine yakipitia Dubai, na nyuma yake zikaja spea kutoka Deira na baadaye Guangzhou, zikishuka Gerezani, Dar es Salaam. Nyingine zilitoka Kampala, soko la Kisekka. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wetu, na wengi walioapa kutopanda meli tena walihamia kwenye mabasi. Kwa miaka kadhaa mabasi hayo yalikwenda Dar es Salaam kwa kuzunguka Uganda na Kenya. Lami ikafuata, kutoka Mutukula ikishuka kusini hadi Muleba na kuendelea. Na juu ya lami hiyo ikaja Noah.

Hili la Noah ndilo lililonifanya nielewe kwa nini ushauri wa "nenda kwa wakala" hauna maana kwa mtu kama Baba. Wakala rasmi nchini huuza mapya hasa Land Cruiser na Hilux, kwa serikali, mashirika na migodi. Noah ya Baba ilitengenezwa kwa ajili ya familia ya Kijapani na kuuzwa Japani. Haikuwahi kuwa gari jipya Tanzania. Wakala hana sababu ya kuweka boljointi yake rafuni. Anaweza kukuagizia, usubiri wiki kadhaa, gari likiwa limelala na rejesho la mkopo likitembea. Mwenye Land Cruiser ya ofisi anachagua kati ya wakala na mtaa. Mwenye Noah, Probox au Hiace ya mtumba, yaani karibu kila gari linalombeba mgonjwa kutoka Rubya au mwanafunzi kutoka Nshamba, anachagua kati ya mtaa na mtaa. Kwa mara nyingine tuko mwisho wa mnyororo, ila safari hii mnyororo haukukatika. Haukuwahi kufungwa.

Sheria ipo. Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya 1963, na kanuni zake za 2008 ziliipa Tume ya Ushindani, FCC, meno ya kukamata bidhaa bandia na kuziteketeza, jambo ambalo imekuwa ikilifanya. Lakini boksi la Baba lilipita bandarini au mpakani, likapita ghalani, likapita kwenye basi, likafika kwenye duka dogo mjini, na mwenye duka, alipopelekewa kipande kilichokatika, alikitazama kwa huzuni ya kweli na kusema naye aliuziwa. Namwamini, na simtaji. Alirudisha nusu ya fedha.

Wiki iliyofuata tulikwenda kununua nyingine. Fundi alikuja nasi kwa sharti moja, kwamba anunue yeye na sisi tunyamaze.

Kwenye duka la kwanza muuzaji aliniona mimi kwanza. "Dada, unataka orijino au ya kawaida?" Fundi akauliza orijino ni zipi. Zikaja tatu: orijino, "orijino kabisa" na "orijino yenyewe Japani". Bei zake zilikuwa 35,000, 70,000 na 190,000. Ya kawaida ilikuwa 20,000. Nilitaka kucheka lakini Baba hakuwa anacheka; alikuwa anahesabu. Kwa siku nzuri, akishatoa mafuta, hesabu ya tajiri na yale ya barabarani ambayo hatuyaandiki, hubaki na kama 25,000.

Fundi hakusoma maboksi hata kidogo. Alizitoa boljointi zote akazipanga kaunta. Alizipima uzito mkononi, mbili mbili. Alizungusha kichwa cha kila moja kwa vidole viwili: nzuri huwa nzito kuzunguka na haina kukwama katikati, mbaya inateleza kama kifuniko cha chupa. Aliminya mpira wa kuzuia vumbi. Alitazama mwili wa chuma kama kuna mshono uliosawazishwa kwa jiwe la kusagia. Alitafuta namba iliyochongwa kwenye chuma chenyewe, kwa sababu boksi linachapwa popote lakini kuchonga chuma kunahitaji mashine. Ile ya 35,000 aliirudisha. Ile ya 70,000, iliyokuwa kwenye boksi la 555, aliitazama muda mrefu, akaomba ya pili yake, ya kulia, akazilinganisha. Maandishi ya moja yalikuwa na kina. Ya nyingine yalifutika kidogo alipoyasugua kwa ukucha uliolowa mafuta ya taa. Tukatoka.

Muuzaji alitufuata mlangoni na pendekezo la mtumba: boljointi zilizong'olewa kwenye gari lililokatwa Japani, orijino za kiwandani, 40,000 zote mbili. Watu wengi wenye akili hununua hivyo, wakisema mtumba halisi ni bora kuliko mpya ya uongo, na kwa alternata au injini nzima ningekubaliana nao. Fundi alitikisa kichwa. Kitu kinacholika kwa kuzunguka, alisema, hununui kilicholiwa na mwingine hujui kiasi gani.

Duka la nne lilikuwa la mama mmoja wa makamo, karibu na stendi, rafu zake nusu tupu. Alikuwa na 555 jozi moja. Fundi alirudia uchunguzi wake wote, kisha akauliza zimetoka wapi. Mama akafungua daftari akamwonyesha: jina la muuzaji wa Gerezani, tarehe, idadi, na safu ya mwisho ambamo aliandika kila aliyemuuzia na namba ya simu yake. "Nikiuziwa mbovu nawapigia wote," alisema. "Waitu, wananijua." Bei yake ilikuwa 75,000 moja. Hakupunguza hata mia.

Tulikuwa na 110,000. Baba aliuliza kama tunaweza kufunga moja, ile iliyokatika, na ya kulia ingoje mwisho wa mwezi. Fundi akasema hafungi moja. Ile ya kulia ilinunuliwa siku ile ile, duka lile lile, kwenye boksi lenye stika ile ile. Walitazamana. Nilitoa 40,000 kutoka kwenye posho ya utafiti, ambayo bajeti yake ina mstari wa usafiri, na mama akaandika daftarini jina la Baba na namba yake, halafu, baada ya kufikiri, na yangu.

Zilifungwa siku ile ile chini ya mwarobaini wa gereji, mvua ikinyesha. Boljointi ya kulia ilipotolewa, fundi aliizungusha kwa vidole viwili, ikateleza yenyewe. Akaitupa kwenye debe la vyuma chakavu, kisha akabadili mawazo, akaichukua tena na kuipasua kwa nyundo mara tatu ili asije mtu akaiokota na kuiuza.

Kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri Baba aliondoka Muleba na abiria saba. Nilikaa kiti cha mbele. Kwenye mteremko wa Muhutwe alishusha gia mpaka ya pili, na hakuna aliyezungumza mpaka tulipofika chini.